Pasteur Alianza na Hamira, Si na Kichaa cha Mbwa

Mtaje Louis Pasteur katika darasa lolote la sayansi, kuanzia Amagoro hadi Nambale, na mikono itainuka upesi. Huyu atasema ni yule wa maziwa. Yule atasema ni wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Na mwanafunzi mpenda vitabu atasimulia habari za mtoto aliyeng'atwa na mbwa akaokolewa. Majibu hayo yote ni sahihi, na mwalimu hana budi kuyatilia alama. Hata hivyo, yanampunguza mno mtu yule. Kabla ya mbwa, kabla ya kondoo wa kimeta na kuku wa kipindupindu, Pasteur alikuwa amekwisha kutumia miaka mingi ya utu uzima wake akiinamia hadubini na kuchungulia hamira na ukungu, yaani viumbe wa jamii ya kuvu. Humo ndimo alimojifunza kazi iliyompa jina.

Huenda msomaji wa Busia au Malaba akauliza jambo hilo linamhusu nini. Linamhusu sana. Katika masomo yetu kuvu zimepewa jina baya. Mwanafunzi aliyehitimu shule ataweza kukutajia choa, mba na ukungu wa mkate, lakini ukimwuliza ni nini kinachotokota mtungini mwa nyanya yake bila moto, au kwa nini uyoga huota juu ya kichuguu baada ya mvua, atakutazama kana kwamba umemwuliza swali la mzaha. Elimu ya nyumbani na elimu ya shuleni zimepitana njiani bila kusalimiana. Nionavyo mimi, maisha ya Mfaransa huyu yangeweza kuzikutanisha, maadamu tukubali kuyasoma kuanzia mwanzo wala si kuanzia mwisho.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, aliwahi kuwa sajini katika jeshi la Napoleon, kisha akarudi kwenye kazi ya ukoo wao, kutengeneza ngozi. Kijana alikulia Arbois, mji mdogo wa mashamba ya mizabibu, na kwa muda mrefu hakuna aliyemdhania kuwa mwanasayansi. Kipaji chake kilichoonekana mapema kilikuwa cha kuchora; picha alizowachora wazazi wake zipo hata leo. Alipopelekwa kusoma Paris mwaka 1838, alishikwa na upweke hata baba yake akamwendea na kumrudisha nyumbani. Katika mtihani wa mwaka 1842 somo la kemia lilimpa alama ya wastani tu. Walimu wanaopenda kuwatabiria watoto maisha yao kwa kutazama alama za mtihani mmoja wangefanya vyema kulikumbuka jambo hili.

Mwaka 1843 aliingia chuo cha École Normale Supérieure mjini Paris, na kufikia mwaka 1848 alikuwa amegundua jambo lililowashangaza wakubwa wake: kwamba fuwele za asidi fulani itokanayo na divai huja za namna mbili, zifananazo kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mwaka uliofuata alimwoa Marie Laurent huko Strasbourg. Bibi huyu alimwandikia kazi zake, akazihifadhi na kuzijadili naye usiku, na ni haki jina lake litajwe.

Mlango wa hamira ulifunguka mwaka 1856. Wakati huo Pasteur alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille, mji wa viwanda, na mmoja wa wenye viwanda, Bwana Bigo, alimjia na malalamiko. Alikuwa akikeneka alkoholi kutokana na viazisukari, lakini baadhi ya mapipa yake yaligeuka kuwa machachu na kumtia hasara. Profesa hakumjibu kwamba chuo hakishughuliki na mapipa. Alikwenda kiwandani, akachota majimaji, akayatia chini ya hadubini. Katika mapipa mazima aliona vijimbegu vya mviringo vikichipuza vingine ubavuni. Hiyo ndiyo hamira. Katika mapipa yaliyoharibika aliona vijiti vidogo sana, vya namna nyingine kabisa, na mahali pa alkoholi palikuwa na asidi ya maziwa yaliyoganda.

Leo jambo hili laonekana jepesi, lakini halikuwa hivyo. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1830 wataalamu kadhaa, akiwemo Theodor Schwann wa Ujerumani, walikuwa wamekwisha kusema kwamba hamira ni kiumbe hai. Walichekwa. Mwanakemia mkubwa wa zama zile, Justus von Liebig, alishikilia kwamba uchachu ni kuvunjika tu kwa vitu vinavyooza, na kwamba uhai hauna kazi humo. Pasteur alipotoa makala yake ya mwaka 1857, na nyingine ndefu zaidi mwaka 1860, alisimama upande wa pili: kila aina ya uchachu ina kiumbe wake, na kiumbe huyo afanya kazi kwa sababu yu hai, ala na kuzaana.

Sasa na tuvuke bahari tuje kwetu. Mama wa Kiteso apikaye ajoni, pombe ya wimbi, huukanda unga kwa maji na kuuacha uchachuke kwa siku kadhaa. Kisha huukaanga juu ya moto mpaka uwe wa hudhurungi, huuanika, na baadaye huutia maji pamoja na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Majirani zake Waluhya hufuata njia inayokaribiana na hiyo katika busaa. Tazama hekima iliyomo. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, kwa maana hamira haiwezi kuula wanga mtupu. Uchachu wa kwanza huleta asidi, ambayo huwafukuza vijidudu wengi waharibifu. Kuna viumbe wawili waliopokezana zamu hapo, wale wale waliokuwa wakigombana katika mapipa ya Bwana Bigo. Tofauti ni kwamba kule Lille walikutana kwa bahati mbaya, na huku wamepangiwa zamu zao na mpishi. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeishi miongoni mwa Waiteso wa Kenya na kuandika juu yao katika miaka ya 1970 na 1980, alitambua jinsi mtungi ule mmoja na mirija yake mirefu unavyowakusanya watu na kuwapatanisha. Simwalike mwanafunzi yeyote kwenye mrija; umri wake na sheria havimruhusu, na madhara ya ulevi mipakani hayahitaji kusimuliwa. Nasema tu kwamba maarifa yaliyomo mtungini ni ya kisayansi.

Mwaka 1861 Pasteur aliongeza jambo jingine: hamira ikipewa hewa huzaana kwa wingi na kutoa alkoholi kidogo, na ikinyimwa hewa huzaana kidogo na kutoa alkoholi zaidi. Wapishi wetu waujuao wakati wa kukoroga na wakati wa kufunika hawakuwa na haja ya kuambiwa hayo, ingawa sababu yake walikuwa hawajaambiwa na mtu.

Jaribio ambalo mimi hulipenda kuliko yote ya miaka ile ni la mwaka 1860. Pasteur alichukua ile asidi yake yenye namna mbili, ya kulia na ya kushoto, akapandikiza humo ukungu wa kijani wa jamii ya Penicillium. Ukungu ukaila namna ya kulia na kuibakiza ya kushoto. Kiumbe kisicho na jicho wala ubongo kilitenganisha pacha wawili ambao mwanakemia alihitaji subira kubwa kuwatenganisha! Tangu hapo ukungu haukuwa tena uchafu machoni pake. Ulikuwa fundi mwenye kuchagua.

Fundi huyo ameajiriwa Utesoni zamani sana. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, nayo humenywa, huachwa juani inyauke kidogo, hurundikwa na kufunikwa kwa siku chache. Rundo hupata joto, na ukungu huota juu ya mihogo, mweupe, mweusi, na mwingine wa rangi ya machungwa. Kisha hukwanguliwa, mihogo hupondwa na kuanikwa, na unga wake huchanganywa na wa wimbi kupata atapu, yaani ugali. Mgeni akiona rundo lile hudhani chakula kimeharibika. Katika miaka ya 1990 watafiti walilichunguza jambo hili mashariki mwa Uganda, wakakuta kwamba ukungu huo hulainisha mihogo na kusaidia sana kuipunguzia sumu, na katika unga walioupima hawakupata sumukuvu ya aflatoksini.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1860 Pasteur alikuwa katika ugomvi wake mashuhuri juu ya iwapo viumbe huweza kuzuka wenyewe bila wazazi. Habari ya chupa zake zenye shingo iliyopinda kama ya bata maji imo katika vitabu vyote, nami sitairudia. Lisilosimuliwa sana ni wazo alilolifikia humo: kwamba viumbe hawa wadogo wasiooneka ndio wanaoozesha miti, majani na mizoga na kuvirudisha hewani na udongoni, na kwamba pasipo wao uso wa dunia ungejaa maiti na uhai ungekwama. Kuvu ndizo hodari kupita wote katika kuvunja mti mkavu. Mfano wake tunaukanyaga kila siku. Mchwa wa vichuguu vya Teso na Samia hawawezi peke yao kumeng'enya barabara majani makavu na vipande vya miti wanavyovibeba. Huvipeleka chini, hujenga vitalu, na humo hulima kuvu inayowafanyia kazi hiyo. Mvua zikija, kuvu ile hutoa uyoga juu ya ardhi, na akina mama na watoto hutoka alfajiri kuuchuma kabla ya wengine. Wataalamu huiita kuvu hiyo Termitomyces. Basi yule anayebomoa kila kichuguu shambani mwake na kukitia dawa aelewe kwamba amelivunja ghala la mboga na kiwanda cha mbolea kwa pigo moja. Simlaumu aliyeliwa nguzo za nyumba. Nazungumza juu ya kichuguu cha kondeni.

Mwaka 1865 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Pasteur kusini, Alès, ambako viwavi wa hariri walikuwa wakifa na familia nyingi kufilisika. Hakujua lolote juu ya viwavi. Alikaa kwenye kazi hiyo misimu mitano, na ndiyo miaka iliyokuwa michungu kuliko yote maishani mwake. Binti yake wa kwanza, Jeanne, alikuwa amefariki mwaka 1859 kwa homa ya matumbo. Mwaka 1865 alifariki baba yake, kisha Camille, mtoto wa miaka miwili. Mwaka 1866 akafuata Cécile, kwa homa ile ile ya matumbo. Mwezi Oktoba 1868 Pasteur mwenyewe alipigwa na kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kushoto hadi kufa kwake. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Katika viwavi wale aliona chembe ndogo zenye kung'aa. Kwa muda mrefu alikosea akidhani chembe hizo ni matokeo ya ugonjwa, ilhali wengine walikuwa wamekwisha kusema kwamba ndizo zinazousababisha. Alipokubali, alitoa dawa ya kawaida kabisa: nondo akishataga, apondwe na kutazamwa kwa hadubini, akiwa na chembe, mayai yake yachomwe. Sayansi ya leo inakihesabu kiumbe kile kuwa cha jamii ya kuvu au ndugu yake wa karibu. Basi mtu yule yule aliyeitetea hamira ndiye aliyewafundisha wakulima wa hariri kumchoma binamu yake, na hakuona mgongano wowote. Hivyo ndivyo itupasavyo kuwasoma viumbe hawa, kila mmoja kwa jina lake na kwa tendo lake.

Hapa mpakani hatuna anasa ya kusahau upande huo wa pili. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu itolewayo na ukungu uitwao Aspergillus, iliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya kutoka Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumu hiyo, na malori yakakwama Busia na Malaba. Baada ya siku chache marufuku ililegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba sumu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Wakati huo maneno mengi yalisemwa juu ya siasa na biashara. Machache yalisemwa juu ya turubai la kuanikia na gunia kavu, ambavyo ndivyo vingemsaidia mkulima wa pande zote mbili za mpaka.

Turudi kwa mzee wetu. Vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 vilimtia hasira kuu. Aliirudisha shahada ya heshima aliyopewa na Chuo Kikuu cha Bonn, na akaazimia kuitengeneza bia ya Ufaransa iishinde ya Wajerumani. Uzalendo huo wa pipani una kichekesho chake, lakini ulizaa matunda. Mwaka 1871 alikwenda London katika kiwanda cha Whitbread, akaomba aonyeshwe hamira yao, akaitazama na kuwaambia wenyewe kwamba haikuwa safi. Muda si mrefu kiwanda kilinunua hadubini yake chenyewe. Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Hansen wa Carlsberg, Denmark, aliendelea mbele kwa kukuza hamira safi kutokana na chembe moja.

Mwaka 1877 Pasteur na msaidizi wake Joubert waliona jambo lililokuwa na maana kubwa kuliko walivyoweza kulitumia wakati huo. Viini vya kimeta vilipopandikizwa pamoja na vijidudu vya kawaida, vya kimeta vilizidiwa nguvu vikafa. Kumbe kiumbe mmoja aweza kutumwa kumzuia mwingine. Alexander Fleming aliliona jambo la namna hiyo mwaka 1928 katika ukungu wa Penicillium, jamii ile ile ya fundi wa mwaka 1860, na dawa ya penisilini ikapatikana.

Wazo hilo sasa limefika kondeni. Nchini Kenya kuna dawa iitwayo Aflasafe, ambayo si sumu bali ni ukungu wa Aspergillus usioweza kutoa aflatoksini. Hunyunyizwa shambani kabla ya mahindi kutoa maua, ukawahi nafasi na kuubana ule mbaya. Na kwa kayongo, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama kote magharibi mwa nchi, watafiti wametumia kuvu ya Fusarium iliyochukuliwa kwenye kayongo yenyewe iliyonyauka. Kuvu hiyo husafirishwa juu ya vijiti vya kuchokolea meno, hukuzwa kijijini juu ya wali uliopikwa, kisha wali huo hutiwa shimoni pamoja na mbegu. Matokeo ya mashamba 500 ya magharibi mwa Kenya yalichapishwa mwaka 2016, nayo yalionyesha mavuno kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Mkulima mwenye robo ekari iliyoliwa na kayongo ndiye ajuaye maana ya hesabu hiyo. Wali wenye ukungu, ambao mtoto wa shule angefundishwa kuutupa, ndio unaomrudishia gunia la mahindi.

Yaliyofuata katika maisha ya Pasteur yajulikana. Kondoo wa Pouilly-le-Fort walichanjwa kimeta mwaka 1881. Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, alichanjwa kichaa cha mbwa tarehe 6 Julai 1885. Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa mwaka 1888. Haimpasi mwalimu kumfanya malaika. Madaftari yake ya maabara, ambayo familia iliyaficha hadi mjukuu wake alipoyatoa kwa taifa katika miaka ya 1960, yalisomwa kwa makini na mwanahistoria Gerald Geison, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Yalionyesha kwamba ile chanjo ya kondoo ilitengenezwa kwa njia ya msaidizi wake Chamberland, wala si kwa ile ambayo watu waliachwa waiamini. Alikuwa mtu mwenye wivu wa sifa, mkali kwa wapinzani, na mchoyo wa kugawa heshima. Pia alikuwa mtu aliyekubali kuitwa na mwenye mapipa akaenda.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1895 karibu na Paris, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa kaburi lililojengwa chini ya taasisi yake. Kuta na dari lake zimepambwa kwa vipande vidogo vya rangi. Wamo mbwa, kondoo na kuku. Imo miforosadi na nondo wa hariri. Na kando yao imetambaa mizabibu pamoja na mmea wa hopsi unaotia bia uchungu.